Uliza Kwanza Inarekebishwaje: Mazungumzo Juu ya Kuchagua Darubini

Jioni hii tuzungumze juu ya darubini: ile ya macho mawili, inayoning'inizwa shingoni kwa mkanda, ambayo ndugu zetu waliotoka Kongo wanaiita jumeli. Na ndani ya darubini tushike jambo moja, yaani namna inavyorekebishwa mpaka kile unachokitazama kionekane wazi. Wapiga picha huita jambo hilo fokasi, nami nitaliita hivyo hivyo.

Mtu anaweza kuuliza: darubini inatuhusu nini sisi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na majirani zetu? Inatuhusu sana. Ziwa Nakivale, hili tunaloliona kila asubuhi, ni sehemu ya ardhi oevu moja na Ziwa Mburo. Maji ya mto Rwizi hupita Mbarara, huteremka, hulisha mabwawa na maziwa haya, na pembeni mwake humea mafunjo. Mwaka 2006 ardhi oevu hii ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni mkataba wa mataifa wa kulinda maeneo ya namna hii. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo ipo tangu mwaka 1983. Humo kuna aina za ndege zinazopita 300, na Uganda nzima ina zaidi ya 1,000. Watu huvuka bahari kuja kuwatazama ndege hao, na humlipa mwongozaji anayejua ndege gani hulala wapi na huimba saa ngapi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Kwa hiyo kijana wa Nakivale, sawa na kijana mwenzake wa Isingiro au Kiruhura, anaweza kuitamani kazi hii na kujiandaa nayo. Chombo cha kwanza cha kazi hiyo ni masikio. Cha pili ni darubini.

Sasa tazama namna tunavyoichagua. Mtu akishika darubini dukani, swali lake la kwanza ni: inavuta mara ngapi? Akiambiwa mara 8, anauliza kama kuna ya mara 10. Akiambiwa mara 10, anataka ya 20. Nami nasema, kwa moyo wangu wote, kwamba swali hilo lije la pili. La kwanza liwe: inarekebishwaje, na je, njia hiyo inafaa kazi yangu na macho yangu? Darubini inayovuta sana lakini haikupi picha safi kwa wakati ni mzigo wa shingoni tu.

Tupite haraka kwenye tarakimu ili tuelewane. Kwenye mwili wa darubini utakuta imeandikwa 8x42, au 7x50, au 10x50. Tarakimu ya kwanza ni ukuzaji. Nane maana yake korongo aliye umbali wa mita 80 utamwona kana kwamba yuko mita 10. Tarakimu ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa mlango wa mwanga. Mlango ukiwa mpana, unaona vizuri zaidi alfajiri na jioni, saa ambazo ndege wengi hutoka.

Kila unapoongeza ukuzaji, unapunguza vitu vingine. Eneo unaloliona linakuwa finyu. Mtetemo wa mikono yako unakuzwa pamoja na ndege. Na jambo tunalolizungumzia leo, kina cha fokasi, kinapungua. Kina cha fokasi ni ile nafasi, kutoka mbele hadi nyuma, ambayo vitu vyote vilivyomo vinaonekana wazi bila wewe kugusa chochote. Kina hicho hupungua kwa mraba wa ukuzaji. Nane mara 8 ni 64. Kumi mara 10 ni 100. Kumi na mbili mara 12 ni 144. Maana yake, anayetumia darubini ya mara 12 hutakiwa kurekebisha kwa uangalifu zaidi ya maradufu ya yule mwenye mara 8. Ndege akisogea tawi moja nyuma, mwenye mara 8 bado anamwona, na mwenye mara 12 ameshaona ukungu na anaanza kuzungusha upya. Ndiyo sababu waongozaji wengi wa ndege huridhika na mara 8 au 10, hata wakiwa na uwezo wa kununua zaidi.

Fokasi yenyewe ni nini? Mwanga unaotoka kwenye kitu cha karibu huingia kwenye lenzi ukiwa umetawanyika, na ule wa kitu cha mbali huingia ukiwa karibu umenyooka. Lenzi zikikaa mahali pamoja haziwezi kuipokea mianga yote miwili sawasawa. Lazima kitu kimoja ndani ya darubini kisogee, mbele au nyuma, kwa kiasi kidogo sana. Ni kama kutafuta kituo kwenye hii redio unayoisikiliza: unapita, kelele zinajaa, unarudi kidogo, na sauti inatulia. Tofauti kati ya darubini na darubini ni nani anayesogeza, anasogeza nini, na kwa upesi gani. Kwa msingi huo tunapata aina tatu.

Aina ya kwanza ni darubini ya gurudumu la katikati. Kati ya mirija yake miwili kuna gurudumu dogo unalolizungusha kwa kidole, nalo hurekebisha macho yote mawili kwa pamoja. Wazo hili lina karibu miaka 200: fundi wa Paris aitwaye J. P. Lemière alilitumia mwaka 1825, na mpaka leo darubini nyingi za kutazamia ndege zinafuata njia hiyo.

Uone kwa nini. Tuseme uko ndani ya boti pale Rwonyo, makao makuu ya hifadhi ya Mburo, na wageni watano nyuma yako. Mdiria ametua juu ya unyasi wa mafunjo, mita 4 kutoka ubavuni mwa boti. Unamwonyesha. Kabla hujamaliza sentensi, kwazi analia kutoka kilele cha mti ulio mita 150. Unainua darubini. Mara nahodha ananong'ona kwamba chini ya matawi yaliyoinamia maji, mita 15 hivi, kuna yule ndege mwenye haya mwenye miguu ya rangi ya chungwa, ambaye wageni wengi huja Mburo kwa ajili yake. Umbali umebadilika mara tatu katika muda wa pumzi chache. Kwa gurudumu la katikati, kidole kimoja kinafuata mabadiliko yote hayo, na macho hayatoki kwenye lenzi. Kwa kazi ya namna hii hakuna aina nyingine inayoshindana nayo.

Lakini magurudumu hayafanani, na hapa ndipo uulize maswali mawili. La kwanza: umbali wa karibu kabisa inaoweza kuona wazi ni mita ngapi? Nyingine huishia mita 2, nyingine haziwezi kitu kilicho ndani ya mita 5 au 6. Aliye kwenye uwanda mpana hatajali. Aliye kwenye mafunjo atajali sana, maana tiva wa mafunjo, yule mwenye utosi wa manjano na kifua chekundu, haishi penginepo ila ndani ya mafunjo, na akijitokeza anaweza kujitokeza mbele ya pua yako. Vipepeo na kereng'ende nao hutaka umbali mfupi.

Swali la pili: kutoka karibu kabisa hadi mbali kabisa, gurudumu linazunguka mara ngapi? Mengine hayamalizi hata mzunguko mmoja, mengine hupita mzunguko mmoja na nusu. La upesi hukufikisha haraka, ila huruka kwa urahisi mahali penyewe. La polepole hukupa usahihi, ila hukuchelewesha. Jua pia kwamba mzunguko mwingi hutumika kwenye vitu vya karibu. Kwa hesabu ya lenzi, kuhama kutoka mita 2 hadi mita 4 hutaka msogeo wa takribani mara 15 ya ule wa kuhama kutoka mita 30 hadi mita 60. Kwa hiyo usilijaribu gurudumu kwa kutazama mlima na bango la mbali tu. Jaribu na jani lililo karibu.

Ndani ya aina hii kuna mgawanyo mwingine unaotuhusu sisi tunaokula vumbi la barabara ya murramu. Katika darubini za umbo la zamani, zile ambazo mirija yake imepinda begani, gurudumu husukuma lenzi za jichoni zitoke nje na kurudi ndani. Umbo hilo hutumia prizimu alizozibuni Mwitaliano Ignazio Porro katikati ya karne ya 19, na kiwanda cha Zeiss cha Jena, Ujerumani, kikaanza kuziuza darubini za namna hiyo mwaka 1894. Huonyesha vizuri sana, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Ila kila lenzi zinapotoka na kurudi, huvuta hewa, na hewa yetu ya kiangazi ina vumbi, ya masika ina unyevu. Katika nyingi za umbo jipya, zenye mirija iliyonyooka, kinachosogea ni lenzi ndogo iliyo ndani kabisa. Nje hakuna kinachotoka wala kuingia, kwa hiyo ni rahisi kuziba maji na vumbi, na viwanda vingine hujaza gesi ya naitrojeni ndani ili ukungu usitande. Kwa ziwani na kwa barabara zetu, hiyo ya ndani inastahili kuongezewa fedha kidogo ukiweza.

Utakutana pia na darubini zenye wenzo badala ya gurudumu: unabonyeza upande huu au ule na picha inaruka. Zinasifiwa kwa upesi. Ni kweli zina upesi, lakini kutulia mahali penyewe ni kazi, na ndege mdogo ndani ya majani anahitaji utulivu huo.

Aina ya pili ni ile ambayo kila jicho lina pete yake. Hakuna gurudumu la katikati. Unarekebisha jicho la kushoto peke yake, kisha la kulia peke yake. Hii ndiyo darubini ya mabaharia na wanajeshi kwa miaka mingi, hasa 7x50, kwa kuwa haina viungo vingi vya kulegea, na ni rahisi kuizuia isiingie maji. Ukishaiweka sawa kwa macho yako, kila kitu kuanzia mita 30 au 40 hivi mpaka upeo wa macho kinaonekana wazi bila kugusa tena, hasa kama macho yako bado yana nguvu.

Ni nani kati yetu inamfaa? Mvuvi wa Ziwa Nakivale. Anachotaka kuona kiko mbali siku zote: boya la wavu wake, mtumbwi wa mwenzake unaoyumba, wingu la mvua linaloshuka kutoka vilimani. Hana haja ya kuona kereng'ende. Anahitaji chombo kisichoogopa maji, ambacho akikishika kwa mkono mmoja, kasia mkononi mwingine, kiwe tayari papo hapo. Mchungaji wa ng'ombe wa Ankole anayetafuta ndama aliyepotea kwenye kilima cha pili naye ni vivyo hivyo. Lakini mwongozaji wa ndege akinunua aina hii atateseka. Kila umbali ukibadilika ndani ya mita 30, atazungusha pete mbili, na mdiria hamsubiri mtu.

Aina ya tatu huuzwa kwa sifa kwamba haihitaji kurekebishwa kabisa. Unaiinua tu, unaona. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa baba na mama zetu waliopita miaka 40. Darubini hiyo haijirekebishi yenyewe. Imefungwa kwenye umbali mmoja kiwandani, na kazi iliyobaki imeachiwa jicho lako. Jicho la kijana linaweza, kwa kuwa lenzi iliyo ndani ya jicho lake bado ni laini na hubadilika umbo kufuata umbali. Lakini ukuzaji huongeza mzigo huo kwa mraba wake. Chukua darubini ya mara 8 iliyofungwa kwenye umbali wa mbali kabisa, utazame ndege aliye mita 20. Jicho lako litafanya kazi sawa na ya kusoma kitabu kilicho sentimita 30 hivi kutoka usoni. Kijana wa miaka 18 hatasikia chochote. Mama anayehitaji miwani ili kusoma Biblia au Kurani ataona ukungu, na akiendelea kulazimisha, kichwa kitamuuma. Kisha atasema macho yake yamekwisha. Macho yake hayana kosa. Kosa ni la aliyemuuzia chombo bila kumwuliza umri.

Aina hiyo ina mahali pake: kwa vijana, kwenye uwanja wa mpira, kwa vitu vya mbali. Kwa kazi ya uongozaji, na kwa macho ya watu wazima, iacheni dukani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona linatugusa sisi kuliko wengine. Vitabu vingi vya maelekezo huandikwa kana kwamba kila darubini ina mwenyewe mmoja. Kwetu sivyo. Kikundi cha vijana kikipata darubini, huwa ni moja kwa watu wengi. Inapita mkono hadi mkono. Na macho ya binadamu hayalingani: hata mtu mmoja, jicho lake la kushoto na la kulia mara nyingi hutofautiana. Gurudumu la katikati hurekebisha yote mawili kwa pamoja, haliwezi kuziba tofauti iliyopo kati yao. Kazi hiyo hufanywa na pete ndogo, kwa kawaida kwenye lenzi ya jicho la kulia, inayoitwa pete ya diopta. Ina alama ya sifuri katikati, na alama za kujumlisha na kutoa pembeni. Watu wengi humiliki darubini miaka na miaka bila kuigusa. Mwenzako akiiweka kwa macho yake, wewe ukaichukua ukatazama kwa saa nzima, jicho moja litaona wazi na jingine ukungu, na jioni utalala na maumivu ya kichwa.

Kama unayo darubini ya gurudumu la katikati hapo ulipo, ishike tufanye pamoja. Kwanza, kunja au kunjua mirija mpaka yale maduara mawili yawe duara moja. Pili, chagua kitu kisichosogea chenye maandishi au kingo kali, mita 30 au zaidi: bango la duka, au tawi kavu dhidi ya anga. Tatu, ziba lenzi ya mbele ya upande wa kulia kwa kiganja. Usifumbe jicho, kwa kuwa ukilikaza moja, la pili nalo hukazwa. Macho yote yawe wazi. Zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi kabisa. Nne, hamisha kiganja uzibe upande wa kushoto. Sasa usiguse tena gurudumu. Zungusha ile pete ya diopta tu, mpaka jicho la kulia nalo lione safi. Tano, ondoa kiganja. Picha inatakiwa kutulia, yenye kina, na macho yasihisi kuvutwa.

Kisha tazama pete imesimama kwenye alama gani, na uikariri kama unavyokariri namba yako ya viatu. Kila mwanakikundi awe na alama yake. Darubini ikifika mkononi mwako, kitu cha kwanza ni kurudisha pete kwenye alama yako, kisha ndiyo unatazama. Kikundi kinachofanya hivyo kitaona kwamba darubini moja inawatosha wengi. Kwa hiyo unapochagua darubini ya kugawana, tafuta yenye pete ya diopta iliyoandikwa alama zinazosomeka, isiyolegea kiasi cha kuzunguka yenyewe ukiigusa.

Na wanaovaa miwani? Kama tatizo lako ni kutoona mbali au kutoona karibu tu, gurudumu na pete ya diopta vinaweza kukusaidia utazame bila miwani. Lakini kama jicho lako lina kasoro ya umbo, ile inayofanya mstari wa wima na wa mlalo visionekane sawa, fokasi ya darubini haiwezi kuiondoa. Endelea kuvaa miwani yako, teremsha vile vikombe vya mpira vya jichoni, na tafuta darubini inayokuruhusu kuona duara lote hata jicho likiwa nyuma kidogo. Milimita 15 au zaidi ndizo zinazopendekezwa. Na kama hujawahi kupimwa macho, pima kabla ya kutumia fedha kwenye darubini. Mbarara tunayo bahati ya kuwa na kituo cha macho cha Ruharo, kinachojulikana magharibi yote ya Uganda. Mtu anaweza kununua lenzi za bei kubwa akitafuta kuona, kumbe alihitaji miwani.

Tuseme sasa umesimama dukani Mbarara, au unaletewa darubini iliyokwisha kutumika. Usiijaribu ndani, chini ya taa. Omba kutoka nayo hadi mlangoni. Soma herufi za bango lililo ng'ambo ya barabara, soma namba ya bodaboda iliyoegeshwa mbali. Weka diopta yako kwa ule utaratibu niliousema, kisha tazama kitu cha karibu, kisha cha mbali tena. Kama jicho moja linabaki nyuma kila umbali unapobadilika, chombo cha ndani kimechoka, na hakuna pete itakayokiponya. Zungusha gurudumu kwenda na kurudi: likiwa na nafasi ya kuzunguka bila picha kubadilika, limelegea. Kwa umbo la zamani, bonyeza lenzi za jichoni kwa vidole kidogo: zikicheza upande upande, fokasi itakutoroka kila unapoigusisha usoni. Ukiona picha mbili mahali pa moja, mirija imepotoka, pengine ilianguka. Irudishe. Na mtu akikuonyesha darubini ndogo ya mkononi iliyoandikwa kwamba inavuta mara 100, mshukuru na uendelee na safari. Kwa ile hesabu ya mraba niliyotoa mwanzoni, mara 100 ni 10,000. Hakuna kidole kinachoweza kurekebisha hicho, wala mkono unaoweza kukituliza.

Ukishainunua, jifunze nayo. Viwanda havikubaliani upande wa kuzungusha: kwa wengine kulia ni mbali, kwa wengine ni karibu. Kaa kando ya ziwa, chagua vitu vitatu, unyasi wa mafunjo ulio karibu, mti ulio katikati na mlima wa ng'ambo, uvipitie kimoja baada ya kingine mpaka kidole kijue njia bila kufikiri. Mbinu ya waongozaji hodari ni hii: kabla ya ndege kuonekana, wanaiweka fokasi kwenye umbali wanaotarajia atatokea. Akitokea, wanabakiza kurekebisha kidogo tu. Vumbi lipulize kwanza, usilipanguse kwa shati, maana mchanga hukwaruza lenzi. Isikae mvunguni kwenye unyevu, kuvu itaota ndani. Na wazazi, waambieni watoto: jua lisitazamwe kwa darubini, hata mara moja. Linaunguza jicho, na jicho lililoungua namna hiyo huenda lisirudi.

Nina neno la mwisho, nalo ni la adabu. Wengi wetu tumekuja hapa tukikimbia vita. Wapo kati yetu ambao mara ya kwanza kuona darubini waliiona shingoni mwa askari, na walijua maana yake ni kwamba mtu anatafutwa. Kwa hiyo kijana mwenye darubini asiielekeze kwenye nyumba za watu, wala kisimani wanapochota maji, wala kituo cha polisi au kambi ya jeshi. Ukiona mzee au mama anakutazama kwa wasiwasi, msogelee, mwamkie, mwambie unachotafuta, mpe naye atazame. Mwekee diopta yake. Mwonyeshe korongo taji, yule ndege wa bendera ya Uganda, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Mwonyeshe kila unyoya wa lile taji la dhahabu. Mzee aliyemwona vizuri ndege huyo atakuwa mlinzi wake kuliko bango lolote.

Basi, wasikilizaji, nikusanye. Mwongozaji wa ndege na mpenda viumbe: gurudumu la katikati, mara 8, inayoona kuanzia mita 2 au 3, na ikiwezekana inayorekebishwa kwa ndani. Mvuvi na mchungaji: kila jicho na pete yake, mara 7. Isiyorekebishwa: vijana tu, na kwa vitu vya mbali. Wanaogawana: kila mtu na alama yake ya diopta. Na kwa kila mtu, kabla ya kutoa shilingi yako, toka nje ya duka ujaribu kitu cha karibu na cha mbali. Mwenye duka akikataa kukuruhusu utoke nayo hadi mlangoni, nunua kwa mwingine.